Harufu Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nilizaliwa hivyo. Kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu mwingine sikinywei, na mteja akiniletea gari lenye maganda ya miwa na mifupa ya kuku chini ya viti, namwambia alirudishe kwanza kwa watu wa kuosha, hata awe mkubwa wa ofisi gani. Watu wa Busia wanaonifahamu husema mimi ni fundi mzuri mwenye maringo. Sijali. Kazi yangu ni muziki wa magari: amplifaya kubwa, spika za besi, na hizo spika za honi zinazofungwa juu ya paa kwa matangazo ya mazishi, kampeni na mikutano ya injili. Ukinipa gari safi nitakufungia sauti ya kutikisa madirisha ya jirani. Ukinipa uchafu nitachukia, na nitakuambia usoni.

Kuna mtu mmoja tu ambaye siwezi kumwambia, na ndiye aliyeniletea gari chafu kuliko yote niliyowahi kufungua. Mtu huyo ni mama mkwe wangu.

Kwetu sisi Waluhya wa upande huu, na hata kwa majirani zetu Wateso, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana mpaka mgeni anaweza kudhani wamegombana. Hatupeani mikono. Hatupandi gari moja. Nikimwona anakuja njia yangu sokoni, navuka barabara, naye anashusha kitambaa chake usoni kidogo na kupita. Kiti anachokalia sikigusi. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mke wangu, hata kama tuko uani sote watatu na kila mmoja anasikia vizuri. Nilikuwa nimemwoa binti yake kwa miaka mingi na hakuwa amenisemesha ana kwa ana hata mara moja. Sikuona ubaya. Kuna watu wengi katika mji huu ambao ningefurahi kuheshimiana nao namna hiyo.

Mama ni mjane, anauza samaki, na anahubiri. Kabla kanisa lao halijawa na gari alikuwa akitembea kwa miguu na Biblia yake kwapani, leo Bukhayo, kesho huko Angurai, mpaka miguu ikaanza kuvimba na viatu vikamkataa. Waumini walipochanga na kununua gari la mitumba, lile la mlango wa kusukuma, wakanipa nilifunge vyombo vya sauti, walimkabidhi yeye alitunze. Hilo halikumpendeza mchungaji mpya. Ni mwanamume wa marashi mengi na viatu laini, anayelamba vidole kimoja baada ya kingine baada ya kula, polepole, huku akizungumza nawe. Nilimwona mara moja akifanya hivyo na chakula changu kikanishinda.

Shida ilianzia Angurai, siku ya soko. Mama alikuwa juu ya jukwaa, kwaya ikapiga ngoma, taa za dashibodi zikafifia, amplifaya ikawasha taa yake nyekundu na kunyamaza. Wakaiwasha tena, ikanyamaza tena. Wachuuzi wa vitunguu waliangua kicheko. Wazee wa kanisa wakakaa kikao na mchungaji, wakamletea mama uamuzi: kuna mkutano mkubwa wa Malaba, na sauti ikizima tena huko, gari litahamia kwa mchungaji, kwa sababu yeye ameshindwa kulitunza. Mama hakubishana nao. Alimtuma dereva wa kanisa alete gari karakana kwangu, na mke wangu alete ufunguo pamoja na habari hiyo.

Nikausukuma ule mlango.

Ilikuwa samaki. Sisemi samaki wa kukaanga, mwenye limau na pilipili. Ni maji ya samaki yaliyomwagika kwenye zulia, yakakauka kwa jua, yakaloweshwa tena na mengine, yakaoza yakiwa yamefunikwa. Na juu ya hayo mtu alikuwa amenyunyiza manukato ya waridi, tena si kidogo. Waridi na utumbo wa mbuta pamoja. Nilirudi nyuma, nikajifanya natafuta spana, nikatema mate kando ya ukuta.

Nilimuuliza mke wangu hili gari hubeba nini. Yeye akaangalia ile kalenda yangu ukutani kana kwamba siku zote za mwezi ni mpya kwake.

"Mama amesema inabeba spika na Biblia," alijibu. "Basi."

Kama mama amesema spika na Biblia, mimi mkwe ni nani niseme samaki?

Nieleze kidogo kuhusu umeme, ili ujue nilivyoumia. Amplifaya kubwa inakula umeme mwingi. Umeme huo hutoka kwenye betri kwa waya nene, na lazima urudi kwenye betri. Kwa kawaida hurudi kupitia bodi ya gari yenyewe: unachukua waya fupi kutoka kwa amplifaya na kuifunga kwa bolti kwenye chuma cha sakafu. Mahali hapo pakishika kutu, sauti ya kuongea itapita vizuri, lakini ngoma ikipigwa umeme unabanwa, amplifaya inakosa nguvu na inajizima ili isiungue. Kila fundi anayejiheshimu huanzia hapo. Unainua zulia, unakwangua chuma, unakaza nati, unaagana na mteja.

Lakini bolti hiyo ilikuwa kwenye mguu wa kiti cha safu ya katikati, upande wa dirisha, chini ya zulia. Kiti cha mama. Hapo ndipo alipokaa katika kila safari, nyuma ya dereva, mkoba wake miguuni. Na hata kama nisingekigusa kiti, kuinua zulia lile ni kutangaza kwamba nimesikia harufu, na kutangaza nimesikia harufu ni kumwambia mama mkwe kwamba ananuka. Afadhali nivunje kidole.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa pale ulipokuwa. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani, nikavimwagia maji moto na kuvisugua mpaka vikang'aa. Nikapima alteneta, ile mashine inayochaji betri, ikiwa inazunguka. Haikuwa na lawama. Nikabadilisha kishikilia fyuzi. Niliposhika mita na kupima njia ya umeme kwenda, ilikuwa nzima. Kipimo cha njia ya kurudi nilikijua kabla sijagusa, nikakiruka, kama mtoto anayeruka ukurasa wa swali gumu.

Kisha nikawaza kuvuta waya mpya ya kurudi, kutoka kwa amplifaya hadi kwenye betri, nisiguse sakafu kabisa. Ningemaliza kazi kwa heshima. Nikaenda kwa muuzaji wa vifaa karibu na mpaka, nikaomba waya nene ya shaba. Akaniletea waya nzuri ya kupendeza, nyekundu, ngozi yake inang'aa. Nikaikwangua kwa wembe. Chini ya rangi ya shaba, ndani ilikuwa nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba kama mtu aliyepakwa poda. Nikamuuliza kama hana haya, akaniambia wateja wengine hawakwangui. Nilizunguka maduka mengine, upande wetu na ng'ambo, na kila mahali ilikuwa poda ileile. Mji mzima unauza uongo kwa mita na hakuna anayekasirika. Nilirudi karakana nimejaa nyongo.

Nikajaribu ujanja wa mwisho, nikafunga kipande kifupi cha waya ya zamani kilichokuwa karakana, kutoka kwa amplifaya hadi kwenye bolti ya mlango wa nyuma. Nikawasha muziki hapo karakana, ikaimba vizuri, nikajisifu. Nikamwambia mke wangu amjulishe mama kwamba mambo ni sawa. Siku iliyofuata walilipeleka kwenye ibada ya Bukhayo wakapiga ngoma, na likazima. Bila shaka lilizima. Maji yale yalikuwa yakitiririka kuelekea nyuma kila gari lilipopanda mlima, na bolti ya nyuma nayo ilikuwa imeliwa.

Mzee mmoja wa kanisa akaja kunitembelea kuhusu jambo hilo. Hakukaribia. Alisimama pale kwenye lango langu, leso puani, akieleza kwamba ana mafua. Nilimwangalia. Mwaka mzima nilikuwa nikimwona mzee huyo akishuka kwenye gari lile akiwa na mafua.

"Boss, hii kitu itafanya kazi Malaba," aliniuliza, "ama tuambie mchungaji ajipange?"

Nikamwambia itafanya kazi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ambayo hayakuwa masikitiko, akaenda zake akiwa bado ameshika pua.

Jioni hiyo mke wangu aliniletea chai na swali kutoka kwa mama: je, kuna kitu chochote ninachohitaji kutoka kwake? Nikajibu hapana, mwambie hakuna. Mke wangu hakuondoka. Alisimama akinitazama nikinywa ile chai, na mimi nikaona haya, kwa sababu nilielewa kwamba sote watatu tulikuwa tunajua, na kwamba mkutano wa Malaba ulikuwa keshokutwa, na mama angepoteza gari lake kwa ajili ya adabu yangu.

Nikampa spana. Nikamwambia, wewe ni mtoto wake, kiti cha mama yako hakikukatazi. Kifungue wewe.

Asubuhi nilisimama nje nikiwa nimegeukia ukuta, namwelekeza: bolti ya mbele, sasa ya nyuma, zungusha kushoto, weka uzito. Nilimsikia akihema. Kisha kiti kikatoka, akakishusha chini na kukifunika kwa kanga yake, nami nikageuka. Zulia sasa lilikuwa zulia tu. Nikalishika kwenye kona, nikalivuta.

Hapa sitatia chumvi, haihitajiki. Zulia lilitoka na sauti ya kitu kinachonyonya. Chini yake kulikuwa na uji mweusi, mzito, wenye magamba ya samaki yanayometameta ndani yake, na vichwa vidogo vya dagaa wa omena vikinitazama. Na uji huo ulikuwa unatembea. Funza, wanene, wameshiba, wakijipindapinda kwa kuchukizwa na mwanga kama mimi nilivyochukizwa nao. Katikati yao ilisimama bolti yangu, au kile kilichobaki chake, imevaa kutu iliyovimba kama mkate. Waya ilikuwa imekuwa kijani mpaka ndani. Nilikimbia nyuma ya karakana nikatapika chai yote, na nilipoinua kichwa nikamkuta mke wangu kando yangu anafanya hivyohivyo.

Tulipojipangusa midomo ndipo akaniambia. Mama alikuwa akishuka Osieko alfajiri kununua samaki ufuoni mwa ziwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Zamani beseni zake zilibebwa na pikipiki naye akapanda nyingine, lakini miguu ile haikuweza tena kukaa juu ya pikipiki, na gari lipo uani, na dereva ni mtu wa huruma. Akawa anayabeba mabeseni ndani, chini ya kiti chake, akiyashikilia kwa visigino ili yasimwagike.

"Na hao wazee wanakula samaki yake kila Jumapili baada ya ibada," mke wangu akasema. "Mchungaji mwenyewe anapakiwa ya kwenda nayo. Walifikiria anatoa wapi?"

Nilikumbuka vile vidole vikilambwa kimoja kimoja. Nikataka kutapika tena lakini sikuwa na kitu tumboni.

Tulikubaliana tutasema ni maji ya mvua, mlango unavuja. Kisha nikafanya kazi. Nilifunga kitambaa puani nikazoa uji ule kwa mwiko wa kupakia saruji, nikaosha sakafu kwa sabuni na maji moto na dawa ya choo, nikaosha tena, nikaacha jua liingie. Zulia tulilichoma, na moshi wake uliwafukuza majirani. Nilipiga msasa kile chuma mpaka kikawa cheupe kabisa, chuma kitupu, nikatoboa tundu jipya mahali pazima nyuma ya kiti, karibu na amplifaya, nikakata waya mpaka nikafika kwenye shaba ambayo haijaguswa, nikafunga kwa bolti mpya na nati mbili, nikapaka grisi. Kisha nikachukua mita na kupima ile njia ya kurudi ambayo nilikuwa nimeikimbia wakati wote huo, besi ikipiga kwa nguvu zote. Hakuna kilichopotea njiani. Taa za dashibodi hazikupepesa hata kidogo. Mke wangu alikirudisha kiti mahali pake, akamfikishia mama habari ya mvua. Mama akasema asante iende kwa fundi.

Malaba alasiri ya mkutano ilikuwa Malaba ya kila siku: foleni ya malori imelala barabarani kutoka kwenye forodha mpaka macho yanapoishia, madereva wamening'iniza miguu madirishani, vumbi, wabadilishaji pesa, ndizi za kuchoma. Gari liliegeshwa kwenye uwanja wenye mteremko kuelekea mtoni. Nilikwenda kwa pikipiki, nikasimama nyuma ya gari, mlango wa nyuma wazi, karibu na vyombo vyangu, kama fundi anavyotakiwa. Harufu ilikuwa imebaki kidogo. Harufu ya namna ile haitoki kwa siku mbili, inaingia hata kwenye sponji ya viti.

Kwaya ilipiga ngoma na gari halikuzima. Wakapiga kwa nguvu zaidi, na nikahisi besi ile kifuani, safi, imeshiba. Kisha mama akashika kipaza sauti. Sikuwahi kumsikiliza akihubiri kutoka karibu hivyo, kwa kuwa kila mara nilisimama mbali kwa heshima. Aliongea polepole, bila kupayuka, kuhusu mwanamke aliyekwenda kuteka maji saa ambayo wengine hawaendi. Utingo wa malori walishuka kuja kusikiliza. Ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, watu walikuwa wamesimama ukingoni wakiwa wametuelekea. Nilisikia raha. Nakiri nilijivuna.

Alipomaliza, mchungaji akachukua kipaza sauti. Akashukuru Mungu kwa sauti nzuri. Akashukuru fundi. Halafu akasema kuna jambo la kusafisha katika nyumba ya Bwana, na linafaa kusemwa mbele ya watu.

"Gari ya Bwana imekuwa ikibeba samaki," alisema. "Wale mmepanda mnajua harufu. Mama yetu amegeuza madhabahu kuwa beseni ya soko."

Wazee nyuma yake waliinamisha vichwa. Yule wa mafua alikuwa amepona, hakuwa na leso. Nikaelewa kwamba wote walijua, tangu mwanzo, na walikula, na walishika pua, na walingoja. Sauti ingezima, wangelichukua gari kwa kuzima. Haikuzima, basi wanalichukua kwa samaki. Na kila neno lake lilikuwa linatoka kwenye honi za juu ya paa likiwa safi kabisa, bila kukwaruza, kwa nguvu niliyoipigia msasa kwa mikono yangu mwenyewe. Madereva wa malori walianza kucheka. Mtu mmoja akashika pua kwa mzaha, na wenzake wakamwiga. Mama alisimama pale mbele na Biblia yake, hakusogea.

Sikuwaza. Niliingiza mkono ndani ya gari, nikalegeza nati, nikaichomoa ile waya. Cheche ikaruka na uwanja ukawa kimya. Mchungaji alipigapiga kipaza sauti, akauliza fundi ni nini tena. Nilikuwa nimeshika waya, na nilimchukia kuliko wale funza, ambao angalau walikuwa wanakula mahali walipozaliwa.

Nikasikia mtu anakuja kuzunguka gari. Nikainamisha macho, nikaona miguu iliyovimba ndani ya viatu vya plastiki, karibu nami kuliko ilivyowahi kuwa. Mke wangu alikuwa palepale kando yetu. Mama hakupitisha neno kwake.

"Baba," aliniambia, "rudisha hiyo waya."

Nilijibu nikiangalia chini. Nikamwambia, mama, anakuaibisha mbele ya watu.

"Nasikia. Rudisha tu. Wasiende kusema gari ilizima nikiwa nayo."

Nikaigusisha waya kwenye chuma cheupe, nikaweka nati ya kwanza, nikaweka ya pili, nikazikaza zote mbili kwa spana mpaka zikagoma. Taa ya kijani ikawaka. Mama alisimama hapo mpaka alipoiona, kisha akarudi mbele kusikiliza, na mchungaji akaendelea pale alipoachia, na sauti ilikuwa nzuri sana, ng'ambo walisikia kila kitu.